Nilivyoiokoa Fizikia kwa Nguvu ya Jua

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Tangu Ijumaa haijapumua. Soksi zangu zinakaukia juu ya jiko la mkaa na zimeanza kunuka kama dagaa.

Kikao cha walimu. Mkuu wa shule, Mwalimu Ambindwile, ametangaza kuwa Kidato cha Tatu wamalize kuhamahama masomo. Jumatatu ijayo kila mwanafunzi ataandika anachotaka, na somo litakalokosa watu litafungwa. Akasema hamlengi mtu. Akanitazama mimi.

Ni kweli, Fizikia yangu imebaki na wanafunzi wa kupakia bodaboda moja. Ikifungwa, nitakabidhiwa michezo na bustani ya shule. Mimi! Na goti hili! Mwalimu aliyesomea mwanga na sumaku akipuliza filimbi matopeni!

Madam Atupele wa Jiografia, ambaye darasani kwake watoto wanakaa mpaka dirishani, amenipa pole. Pole ya kweli isingekuja na tabasamu lile.

Wazo limekuja nikiwa kwenye chai. Nishati ya jua! Nitawaonyesha jinsi jua linavyoweza kutosheleza nchi nzima, viwanda, treni, mashine za kusaga, kisha nitawasha taa kwa paneli yangu mwenyewe. Vijana wanapenda vitu vinavyowaka. Nimemwalika Mkuu Alhamisi na amekubali. Atupele akasema nishati imo kwenye muhtasari wa Jiografia. Nikamjibu kuwa jua halina muhtasari. Jibu zuri sana. Naliandika hapa lisipotee.

Jumanne, 11 Machi

Kipindi cha utangulizi. Niliwaeleza kuwa jua linaloangukia Tanzania kwa siku moja tu lina nguvu kuliko umeme wote tunaotumia mwaka mzima. Kwamba tukitandika paneli kwenye kipande cha Singida na Dodoma, nchi inawaka. Darasa zima likageuka kutazama dirishani. Ukungu. Hata mgomba wa karibu hauonekani. Mmoja akauliza kwa heshima zote jua lenyewe lilionekana lini mara ya mwisho. Wakacheka. Nikacheka na mimi, kwa uchungu.

Halafu Tulia. Binti huyu anakaa mbele na anauliza maswali kama mwenye mashamba. Akataka kujua usiku tutafanyaje. Nikamwambia usiku watu wanalala. Hakuridhika. Akasema mchana nchi itumie jua la Singida, maji ya mabwawa yapumzike, na usiku maji yafunguliwe. Singida watoe jua, sisi Rungwe tutoe mvua. Darasa likampigia makofi. Yeye! Nikamwambia akae, asinichanganyie mada.

Jioni nilipanga kuijaribu paneli. Nikatazama nje, nikaacha. Mwenye akili zake haaniki ulezi kwenye mvua.

Jumatano, 12 Machi

Msiba kijiji cha jirani, Kawetele. Mama yake mzee Ambwene ametangulia mbele ya haki. Upepo wa jana uliangusha nguzo, kijiji chao kizima kiko gizani, simu zimezima, na ndugu wa Kyela na Dar hawajaambiwa. Wakaja wazee kunitaka paneli na betri.

Msiba haukataliwi. Ukikataa leo, wa kwako utachimba kaburi peke yako. Nikawapa kwa uso wa huzuni. Moyoni nilishangilia. Kwa ukungu huu paneli haitachaji hata tochi, kwa hiyo lawama zitakwenda kwa mvua na shukrani zitakuja kwangu. Na kwa kipindi changu isingefaa kitu pia.

Nina mpango bora. Stoo kuna ubao mdogo wa shule ya awali ambao hakuna anayejua umefikaje kwetu. Ulikuwa na irabu zilizoandikwa kwa rangi ya mafuta. Nikazifunika kwa masizi ya sufuria, nikachora miraba kwa chaki na rula. Ukisimama mbali na kukunja macho kidogo, ni paneli kabisa. Waya mmoja unatoka ubaoni kuingia darasani, ni wa mapambo. Mwingine unatoka soketi ya ofisi ya walimu, unapita nyuma ya kabati mpaka kwenye taa. Huo ndio wenye kazi.

Wenye roho mbaya wataita udanganyifu. Mimi naita kuishika mkono sayansi pale hali ya hewa inapoikwamisha.

Alhamisi, 13 Machi

Mkuu alifika. Atupele akafika naye, bila kualikwa. Ubao uko nje kwenye nyasi, umeegemezwa vizuri. Nikahutubia kuhusu taifa, nikabonyeza swichi, taa ikawaka. Makofi! Mkuu akaitikia kwa kichwa. Nilijiona nimeshakuwa mkuu wa idara.

Ndipo mvua ikashuka. Si manyunyu, ile ya Tukuyu yenyewe. Niliendelea kufundisha kwa sauti ya juu. Tulia alikuwa anatazama dirishani.

"Mwalimu," akasema, "sola inafutika."

Wote wakakimbilia dirishani. Miraba yangu ilikuwa inatiririka kama maziwa yaliyochemka yakamwagika. Masizi yakafuata. Pale palipokuwa na paneli pakabaki a, e, i, o, u, kubwa na za kupendeza. Taa ndani inawaka tu, haina habari.

Mkuu akauliza umeme unatoka wapi. Nikasema ni nishati iliyohifadhiwa. Atupele akauliza kama imehifadhiwa kwenye irabu. Mkuu hakucheka. Aliufuata waya kwa kidole mpaka nyuma ya kabati, akaingia ofisini, na taa ikazima. Nikawaambia wanafunzi wameona sasa umuhimu wa betri. Hakuna aliyeandika.

Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto. Chakula cha jioni nimekiacha. Bustani ya shule nimeipitia nikirudi nyumbani. Ina konokono wengi.

Jumamosi, 15 Machi

Jana shule nzima ilikwenda kuzika Kawetele. Watoto walibeba kuni na maji kama desturi. Mimi niliumwa. Goti.

Leo mzee Ambwene ameirudisha paneli mwenyewe, kichwani, imefungwa kwa khanga, pamoja na betri na mkungu wa ndizi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuilaumu mvua. Hayakuhitajika.

"Ndaga fijo, mwalimu, asante sana," akasema. "Jua hatujaliona, lakini chaji ilikuwa inaingia polepole hivyo hivyo. Wanangu wa Dar wamewahi kumzika bibi yao."

Akaongeza kuwa wanafunzi wangu waliizunguka paneli mchana kutwa, na binti mmoja wa mbele mbele aliwaeleza waombolezaji kuwa mwanga ukipita kwenye mawingu unapungua tu, hauishi.

Hiyo imo kwenye kitabu. Nimeifundisha miaka yote. Sikuwahi kuiamini hata siku moja. Nimekaa kitandani na ndizi zangu, nimejisikia mdogo sana.

Jumatatu, 17 Machi

USHINDI! Wameandika masomo. Fizikia imefurika! Viti vimebebwa kutoka Jiografia, nimevihesabu kwa macho vikipita mbele ya Atupele.

Mkuu ameniita. Fizikia haifungwi. Ila kuanzia leo Madam Atupele atakaa nyuma katika kila kipindi changu, na kabla sijaanza atakagua nyuma ya kabati. Nimekubali kwa unyenyekevu. Hatimaye mwanamke huyu ameamua kujifunza.

Baadhi wanasema watoto wamevutwa na paneli ya Kawetele. Maneno ya wivu. Kijana hakumbuki msibani simu zilichajiwa na nini, anakumbuka alichokiona Alhamisi: ubao wa irabu ukiwasha taa! Kosa langu lilikuwa masizi tu.

Wiki ijayo ni nishati ya upepo. Nimeshaunda panga la bati la kuzungushwa na upepo, na feni ya ofisini nitaificha nyuma ya pazia. Mkuu alitaja kabati, pazia hakulitaja. Tulia amekuja kuniomba tuanze na paneli halisi, tuiweke nje. Nimemwambia atazame nje kwanza. Inanyesha! Paneli nimeshairudisha uvunguni. Kwa mvua hii itafanya kazi gani?