Sifa za Taa ya Uani

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Usiku nimeamka mara tano. Mara tano! Choo kiko uani, nawasha taa, najikamua kama ndimu kavu, matone mawili, narudi kulala. Mke wangu Kamaria ananisihi kwa miezi minane sasa niende Kilifi nikapimwe tezi dume na sukari. Nimemwambia ni baridi tu. Baridi, Malindi hii! Hata mimi niliona haya.

Jumanne, 4 Novemba
Ajabu! Baada ya swala ya alfajiri wazee wamenipa mkono mmoja mmoja. Kumbe mtaa wetu mzima wa Shella huiona taa yangu, wakadhani natawadha niswali tahajudi, sala ya usiku wa manane. Sikukanusha. Niliinamisha kichwa. Ijumaa twachagua mwenyekiti wa kamati ya msikiti, na mshindani wangu ni jirani Alamin, muuza vigae, ambaye siku hizi hulala fofofo mpaka adhana. Tangu utotoni ananipita kwa kila kitu. Safari hii atanitambua.

Alhamisi, 6 Novemba
Jana baada ya isha nilikunywa birika mbili za maji, makusudi. Taa imewaka mara nane! Leo nimemfokea Kamaria bure mpaka akalia. Ati Raiya, mke wa Alamin, naye amemshauri nipelekwe hospitali. Nimewajua. Wanataka taa izime.

Ijumaa, 7 Novemba
Mkutano wa saa tatu nzima! Haja ilinibana mapema. Nitoke mbio mbele ya watu wanaonihesabu mcha Mungu? Nikajikaza. Kura zilipohesabiwa nilikimbilia chooni. Hata tone halikutoka. Nililia kwa sauti, bila aibu. Alamin ndiye aliyenipakia kwenye gari lake mpaka Kilifi. Alikuwa ameshinda.

Jumapili, 9 Novemba
Wodini, na mpira wa mkojo. Daktari Mwikali amesema tezi imevimba, sukari iko juu, na figo zimeanza kuumia. Ningekuja mapema, huenda vidonge vingetosha.

Alamin ameleta uji usio na sukari. Amesema, mbele ya Kamaria, kwamba yeye pia alikuwa akiamka mara tano, akatibiwa mwaka jana, na taa yangu aliielewa tangu usiku wa kwanza. Kamaria alimshukuru huku akilia. Mtu anayejitibu kimya kimya apate kulala vizuri kuliko jirani yake ni wa kuogopwa!

Natakiwa nirudi kupimwa tarehe 21. Siku hiyo nakusanya sahihi za kumng'oa Alamin. Daktari atasubiri.