Nilivyolizika Gurudumu la Kavata

Aibu niliyoipata leo Kasikeu ingetosha watu kumi. Nimeibeba peke yangu mpaka nyumbani Migwani.

Nianze mwanzo, tena polepole, kwa sababu baadhi yenu humu kikundini ndio mnaanza kutengeneza modeli na sitaki mtu aachwe nyuma. (Ndiyo, hata nikijianika bado naeleza. Huo ndio ugonjwa wangu, na mtaona ulikonifikisha.)

Mnamkumbuka Kavata? Yule dada fundi cherehani aliyetuma picha za gari la rali alilolichonga kwa mti wa mukau. Gari lenyewe halizidi urefu wa kutoka kiganja hadi kiwiko, lakini milango inafunguka na usukani unazunguka. Hakufundishwa na mtu! Jumamosi hii gari hilo linatakiwa Nairobi kwenye maonyesho ya modeli, na ni mara yake ya kwanza kualikwa popote. Tatizo lilikuwa moja. Gari lilikuwa na gurudumu moja.

Na gurudumu lenyewe, laiti mngeliona. Spoku kumi, kila moja nyembamba kama njiti ya kiberiti. Hata alama za tairi amezikata kwa ncha ya wembe. Lilimchukua siku tisa. Akichonga mengine matatu, Jumamosi ingempita akiwa bado amekaa kwenye vumbi la mbao. Ndipo mimi, mtu mwema, nikamwambia, "Nipe hilo moja. Nitakutolea mengine matatu kwa resini, yafanane kama mapacha."

Akanipa. Alilifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga.

Kwa wageni wa kazi hii: gurudumu unalifunika kwa silikoni, ambayo ni maji mazito yanayoganda na kuwa kama mpira. Ukilitoa gurudumu, linabaki shimo lenye umbo lake. Hiyo ndiyo kalibu. Unamimina resini, yaani plastiki ya majimaji, ndani, inakauka ngumu, na umepata gurudumu jipya. Silikoni yenyewe humiminwa mara mbili, nusu ya chini kwanza halafu nusu ya juu, ili kalibu iweze kufunguka katikati. Sasa sikilizeni vizuri. Silikoni haishiki kitu chochote isipokuwa silikoni mwenzake. Kwa hivyo kabla ya kumimina nusu ya pili, lazima upake mafuta juu ya ile ya kwanza. Usipopaka, zile nusu mbili zinakuwa kitu kimoja, na kilichomo ndani umekizika.

Nimeandika jambo hilo humu mara ngapi? Rudini juu mtafute. Niliandika kwa herufi kubwa.

Basi jana nilimimina nusu ya kwanza nyumbani, ndani ya boksi, ikatoka safi. Leo nikaamka mapema nikaipeleka Kasikeu, gurudumu likiwa limelala ndani yake, ili Kavata ajionee hatua zilizobaki na siku nyingine ajifanyie mwenyewe. Nilipofika kwao nikakuta kina mama tisa uani. Mama yake ndiye aliyekuwa na zamu ya kupokea ushirika wa kanisa. Maombi yalikuwa yameisha, muthokoi ya mahindi yaliyokobolewa bado iko jikoni, na watu hawana la kufanya.

"Mwalimu amekuja kufanya nini na hilo boksi?" akauliza Mama Mwende. Huyu ndiye kiongozi wa kwaya, mama mwenye sauti ya kufika mlima wa pili.

Ndugu zangu, mimi siulizwi swali hivyo halafu ninyamaze.

Meza ikatolewa nje. Viti vikasogezwa. Nikavaa aproni (ndiyo, nilikuwa nimebeba aproni) nikaanza somo. Nikawaonyesha gurudumu, wakashangilia. Nikaeleza silikoni, wakaitikia. Mtu kama mimi hapati wasikilizaji kama hao kila siku! Nilipofika kwenye mafuta nikapunguza sauti, kama mhubiri anayekaribia mwisho.

"Hapa ndipo watu wengi hukosea," nikasema, nikiinua kopo la mafuta ya kujipaka. "Hakuna dawa ya bei kubwa. Ni mafuta haya haya ya nyumbani. Shikeni muone yalivyo laini."

Nikampa kopo nyanya yake Kavata, ambaye sote tunamwita Susu. Susu akachota, akasugua kati ya vidole, akanusa, kisha akamalizia kwenye viwiko.

"Ni mazuri," akasema. "Hayana ile harufu."

Akampa wa pili. Wa pili akajipaka mikono akampa wa tatu. Mimi huku naendelea kueleza jinsi mafuta yanavyozuia silikoni kushikana, na kwa nini upake kidogo tu, na kwa nini utumie brashi. Kopo likazunguka uani kote. Liliporudi kwangu lilikuwa limebaki nusu, nikalifunga kifuniko, nikalirudisha kwenye mkoba. Akili yangu ikaandika: mafuta, tayari.

Nikamimina.

Tena nilimimina vizuri! Uzi mwembamba, kutoka juu, ili hewa isibaki ndani. Mama Mwende akasema hata uji haumiminwi hivyo. Nikainama kidogo kupokea sifa.

Kavata hakuwapo wakati huo. Alikuwa jikoni akipakua chakula. Tulikula muthokoi na maharagwe, nikaongezwa mara mbili. Silikoni yangu ni ya kukauka haraka, na kwa jua la Kasikeu, saa moja na nusu ilitosha. Nikasimama nikaita kila mtu.

"Njooni muone gurudumu likizaliwa!"

(Nilisema maneno hayo kwa kinywa changu.)

Nikabomoa boksi. Tofali la silikoni likatoka jeupe, zuri. Nikashika juu na chini, nikavuta kwa upole, kama mtu anayejua. Kimya. Nikavuta kwa nguvu. Kimya. Nikalishikilia kwa magoti nikavuta huku nikitabasamu.

"Ni kawaida," nikasema. "Huwa linakataa kidogo."

"Lete nikusaidie," akasema Mama Mwende. Akashika upande wake, nami nikashika wangu. Tukavutana. Mama huyo ana nguvu! Tofali likarefuka, likarudi, nami nikarudi nalo mpaka aproni yangu ikagusa gauni lake. Kina mama wakapiga kelele. Mmoja akauliza kama tuliombee kwanza.

Hapo ndipo nilipoangalia mikono ya Mama Mwende. Inang'aa. Nikamwangalia wa pembeni yake. Anang'aa. Nikazungusha macho uani kote. Mikono, viwiko, shingo, hata visigino vya Susu vilikuwa vinametameta juani kama vya bibi harusi. Kila kitu katika boma lile kilikuwa kimepakwa mafuta isipokuwa kalibu yangu.



Kavata alikuwa amesimama mbele yangu, kitambaa cha gurudumu mkononi, tayari kulipokea.

"Mwalimu, gurudumu langu liko wapi?"

"Limo humu ndani."

"Litatoka saa ngapi?"

Kabla sijatafuta jibu, Mama Mwende, aliyekuwa msikilizaji mzuri kuliko wote, akanisaidia. Kwa sauti ile ya kwaya, neno kwa neno, akarudia somo langu: "Silikoni haishiki kitu chochote isipokuwa silikoni mwenzake. Usipopaka mafuta, kilichomo ndani umekizika." Akanigeukia. "Mwalimu, wewe ulipaka saa ngapi?"

"Sikupaka," nikasema.

"Aiya! Na hapa ndipo watu wengi hukosea!"

Walicheka! Mwingine aliketi chini kabisa. Susu alifuta machozi kwa viwiko vyake laini. Mimi nilibaki nimesimama na aproni yangu. Lakini nikamwona Kavata hacheki, na hapo nikaacha kujihurumia. Siku tisa za mikono yake zilikuwa ndani ya lile tofali. Nikikata kwa kisu bila kuona, ningekata spoku. Na bila gurudumu hilo hakuna la kunakili, na Jumamosi hakuna gari.

"Kavata, nisamehe. Nilikuwa naeleza," nikasema. Hiyo ndiyo sababu yote niliyokuwa nayo.

Alichukua tofali, akaligeuza mara mbili tatu, akaingia nalo kwenye chumba chake cha kushonea. Tukamfuata sote, na kicheko kikaisha mlangoni.

Sasa tazameni akili ya mtu. Alitoa pini zake za kushonea, akaanza kuzichoma ubavuni mwa tofali, moja moja, taratibu mno. Pini ikizama moja kwa moja, anajua hapo ni silikoni tupu. Ikigusa kitu kigumu, anasimama na kuiacha hapo hapo. Baada ya dakika chache kulikuwa na duara la pini, na sote tukaliona gurudumu lilipolala kana kwamba tofali limegeuka kioo. Akachora mstari kwa chaki kulizunguka, akachukua wembe.

"Si ukate mstari ulionyooka?" nikauliza. (Ndiyo, bado niliuliza.)

"Nikikata ulionyooka, nusu zitateleza nikizirudisha," akasema bila kuinua macho. "Nakata kwa mawimbi, zikae pamoja kama zilivyokuwa."

Nimefanya kazi hii miaka mingi na hilo sikuwahi kulifikiria.

Alipomaliza kukata mstari wote, tofali lilifunguka upana wa kidole na kukataa hapo. Katikati ya spoku na spoku, silikoni za juu na chini zilikuwa zimeshikana. Nafasi kumi, vifundo kumi, na kila kimoja kiko unywele mmoja kutoka kwenye mti. Akachukua kimkasi cha kukatia nyuzi, akakipenyeza ndani.

"Moja," akanong'ona Susu.

Kwa "mbili" tulikuwa tukihesabu sote. Kufika sita, Mama Mwende alikuwa amefumba macho. Kwenye cha nane mkasi uligota, Kavata akautoa, akapuliza vidole, akaanza upya kwa pembe nyingine. Nane. Tisa.

Cha kumi kilikatika chenyewe, na gurudumu likadondoka kwenye kiganja chake. Spoku kumi. Akazihesabu kwa kucha, kisha akazihesabu tena. Ndipo akacheka, na sisi tukapiga vigelegele mpaka mbuzi wakashtuka.

Kilichobaki alifanya yeye. Alikata mdomo wa kumiminia, akafunga nusu mbili kwa mipira ya kufungia, zikakaa barabara. Mimi nilimsomea tu mizani alipokuwa akipima resini. Akamimina, ikabadilika kutoka maji hadi nyeupe mbele ya macho yetu, na ilipokuwa ngumu akafungua. Gurudumu la pili! Halafu la tatu, halafu la nne. Kalibu zangu za siku zote huacha mstari ubavuni ambao lazima uupigie msasa. Yake haikuacha chochote cha kusumbua. Ile njia ya kuzika kitu makusudi na kukikata kwa mawimbi nitaitumia mpaka nizeeke, na nitakuwa nasema ni ya Kavata wa Kasikeu.

Gari sasa limesimama kwa miguu yote minne. Jumamosi linakwenda Nairobi.

Wakati wa kuagana nilimwomba Kavata asimwambie mtu. Akasema yeye hana shida, ila Mama Mwende ametuma video, na kikundi cha kina mama wa kanisa kina watu wengi kuliko hiki chetu. Ndiyo maana nimeandika haraka. Kama tayari mmeiona, tafadhali anayecheka acheke sasa, nikifika na somo la kesho awe amemaliza.