Ridhwani na Maneno ya Wakubwa

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Madamu Mukagasana, mkurugenzi wa shule kule Giheke, anatafuta fundi wa kushona yunifomu za shule nzima. Tumebaki wawili: mimi na Kamali wa kibanda cha jirani, asiyejua hata kukata kola. Nimemwandikia Madamu kwa Kiingereza! Nimemalizia kwa maneno ambayo wakubwa huweka chini ya barua: "I look forward to meeting you." Kiingereza cha Kamali kinaishia kwenye salamu.

Jumanne, 5 Agosti
Madamu amejibu! Anasema kumbe mimi ni mtu wa kusoma, nipeleke sampuli. Maneno yale ni dawa. Nimejaribu na kwa mke wangu: "I look forward to lunch." Ingabire ameleta ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, moto kabisa.

Alhamisi, 7 Agosti
Msiba. Baba yake Madamu, Mzee Vénuste, amefariki. Kamali kafunga kibanda, kaenda kubeba viti. Viti! Mimi nimetumia akili. Nimeandika kwenye kundi la WhatsApp la msiba, wote waone: "I look forward to burying your father." Kimya. Heshima hiyo.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimetolewa kwenye kundi. Mtandao mbovu, bila shaka. Nikaenda mazishini na sampuli kwapani. Niyitegeka, kaka yake Madamu, akaniuliza kama ndiye mimi niliyeandika kile Kiingereza. Nikajibu kwa fahari na heshima, ndiyo, Papa. Akanisukuma mpaka barabarani. "Unangoja kwa hamu kumuzika papa yetu? Alikukosea nini?"
Ingabire anasema maneno yale ni ya jambo la furaha: chakula, mgeni, harusi. Nimemwambia hata msibani palikuwa na chakula.

Jumatatu, 11 Agosti
Kazi kapewa Kamali. Asubuhi nzima nimekaa mbele ya cherehani bila kushona hata kifungo.
Halafu nikagundua kosa: maneno yale yamechakaa! Nimepata mapya, yenye haraka ndani yake. Mchoraji ameyaandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: "Your clothes will be ready, sooner or later."
Ingabire ameyasoma, akajifunika uso kwa kitenge. Eti maana yake: "Ipo siku nguo zako zitakuwa tayari."
Umeona! Hata kwa Kiswahili yanapendeza. Nimemwambia mchoraji aongeze mshale wa kuelekeza wateja mlangoni.