Namusoke na Muhuri wa Bawshar

Sogeeni, enyi mliowahi kupanga foleni na fomu mkononi! Iacheni kahawa ipoe, msikie jinsi Namusoke binti Ssekandi, Mshika-Fagio wa Bawshar, kitongoji cha Maskati, alivyoiteremsha kesi yake kutoka mahakama ya juu hadi mahakama ya chini, bila jeshi wala ngao, kwa ruhusa ya saa moja tu aliyopewa na mama mwenye nyumba anakofanya kazi.

Kesi ile ilikuwa katika nchi ya mbali, anakoishi dada yake Nassimbwa, na mwaka wa saba huu hawajaonana. Akiwa Maskati, Namusoke aliomba viza ya mkimbizi ya nchi hiyo, akanyimwa, akaomba uamuzi upitiwe upya. Na waheshimiwa majaji wa mahakama ya juu, baada ya kutafakari miezi kumi na minne, wakagundua kwamba shauri lenyewe halikuwa lao. Wakili wake, Bi Rahila, akamwandikia: tia saini kukubali lihamishiwe mahakama ya chini, fomu ifike leo kabla ya saa sita mchana, na isiwe na alama nyingine yoyote, la sivyo shauri linafutwa.

Saa tano na nusu shujaa akaingia duka la kuchapa nyaraka la Mzee Mahfoudh, Bwana wa Skana, Mmanga wa Unguja, ambaye kwa miaka thelathini hajapata kuiachia karatasi itoke mlangoni bila muhuri. Foleni ikamla dakika ishirini; zamu yake ilipofika, Namusoke akatia saini. Mzee akafungua kopo la wino.

"Baba, usigonge!" akanena Namusoke. "Wamesema saini tu. Wakiona kitu kingine, wanaitupa kesi yangu!"

"Mwanangu," akajibu Mahfoudh, muhuri ukiwa juu kama rungu, "nnakaa hapa tangu wewe hujazaliwa. Nimewagongea wakubwa, nimewagongea mabwana harusi! Wallahi, karatasi kavu namna hii, huyo hakimu ataniona mimi mtu gani?"

"Atakuona mwema, baba. Dada yangu ananingoja."

"Ndiyo maana nnakugongea mara mbili!"

Naam, muhuri ukashuka. Namusoke akaifunika saini yake kwa kiganja cha kushoto. Pu! Wino wa buluu ukatua mgongoni mwa mkono, na fomu ikabaki safi.

Mzee akautazama ule mkono, kisha uso uliolowa machozi, akaona haya. Akaichukua fomu kwa ncha za vidole, akaiweka mwenyewe kwenye skana, akaituma kwa Bi Rahila. Zilibaki dakika mbili.

Jibu la Bi Rahila likaja: imepokelewa, shauri limehamishwa. Duka zima likapiga makofi, hata dereva Yassin aliyekuja na karatasi za gari lake.

"Basi umeshinda?" akauliza Mahfoudh.

"Hapana, baba. Sasa naanza foleni ya chini." Akaunyoosha mkono. "Hapa pameandikwa nini?"

Mzee akasoma Kiarabu chake taratibu. "Imethibitishwa."

Na iandikwe katika tarikhi za Maskati kwamba mchana ule Namusoke aliosha masufuria yote ya nyumba ile kwa mkono mmoja. Wa kushoto hakuutia majini, kwa kuwa serikali tatu, ya alikozaliwa, ya Maskati na ya huko kwa dada yake, zilikuwa zimeshindwa kumwambia neno lile.