Mihuri Mitano ya Kukataliwa

Jumamosi, 1 Oktoba 2016

Wiki ya nane imeanza. Ya mwisho! Tangu kampuni yetu ya ulinzi ipoteze mkataba wa lile duka kubwa na kutuachisha kazi, nimekuwa nikilala kwenye kitanda cha chama chetu cha kusaidiana na kula sahani ya chama hapa Sanaiya, mtaa wa viwanda wa Doha. Wiki nane kwa kila mwanachama aliyepoteza kazi, ndivyo katiba inavyosema. Ijumaa ijayo sahani inafunikwa.

Katibu wetu, Madam Phyllis, alipita asubuhi akielekea hotelini kwake. Huko anasimamia wasafisha vyumba, na sisi hutukagua kama mashuka. Akasema kuna nyongeza ya wiki sita. Nafasi moja tu. Anayeitaka alete mihuri kutoka sehemu tano alikoomba kazi akaikosa, ajaze fomu, na awe hajakataa kazi yoyote aliyopewa. Kamati itaamua Ijumaa: yeye na Bwana Abdulrahman, dereva wa Mombasa, mtu mpole asiyesema mengi. Atakayekosa, chama kinamkatia tiketi ya kurudi nyumbani. Ya kwenda tu, ya kurudi Doha haimo.

Tunaoitaka ni wawili, mimi na Harun wa kitanda cha juu. Harun alipiga pasi shati, akatoka saa kumi na mbili unusu na bahasha ya vyeti. Mimi nimezunguka chumba. Hatua tisa kwenda, tisa kurudi. Nimekaa, nimesimama, nimefua soksi ambazo zilikuwa safi.

Siwezi kurudi. Mama ameliambia kanisa zima kwamba mwanawe Oloo ni supervisa huku Doha. Hakuzua, nilimwambia mwenyewe. Jana alipiga simu kuuliza kama nimeshapewa gari ya kazi. Nikamwambia bado.

Naogopa, na hilo nitaliandika hapa tu. Naogopa kushuka kwenye ndege na begi jepesi.

Jumapili, 2 Oktoba

Nimepata dawa! Sijui kwa nini sikuiona jana. Kinachotakiwa na kamati si kazi. Ni muhuri. Sasa kwa nini nitembee juani kuomba kazi nisizozitaka, wakati mihuri inakaa mezani, kivulini?

Philipo, Mtanzania wa Mwanza niliyekaa naye chumba kimoja mwaka jana, anapakua mizigo kwenye ghala la vyakula vya baridi, mwendo wa dakika kumi kutoka hapa. Mwenye ghala huenda msikitini adhuhuri na muhuri hubaki juu ya meza. Nikafika na karatasi tano. Philipo akasitasita, akasema kaka, hii isije ikanitokea puani. Nikamwambia mtu wa Mwanza anaogopaje kipande cha mpira. Akapiga.

Mitatu ya buluu, miwili myekundu, isifanane. Mmoja tumeupinda makusudi. Mmoja umekaa kichwa chini, kama wa ofisi yenye karani mchovu. Maandishi yote ni ya Kiarabu. Nilimuuliza Philipo yanasemaje, akasema ni jina la kampuni na baraka. Tulipokuwa tunaagana akaongeza kwamba Kiarabu hakijui.

Mihuri mitano kwa siku moja! Nimerudi nikipiga mluzi.

Jumatatu, 3 Oktoba

Harun ana miwili. Amerudi jioni na malengelenge, akatia miguu kwenye ndoo. Akaniuliza nimefikisha mingapi. Nikamwambia mitano. Nilitegemea aone wivu. Akanipa mkono, akasema hongera ndugu yangu, Mungu ameonekana. Yaani anakera! Mtu akishindwa anatakiwa anune kidogo.

Akanishauri niandike kando ya kila muhuri jina la mahali nilipoomba. Nikaandika: hoteli ya Al Wakrah, kampuni ya teksi, shule, kiwanda cha magodoro, hoteli nyingine. Kisha nikaanza kuwashwa mwili mzima. Je, Phyllis akiniuliza ofisi ya kiwanda cha magodoro ina rangi gani? Akiuliza walinikataaje, kwa upole au kwa ukali? Sina uzoefu. Ninahitaji kukataliwa walau mara moja kweli, nijue ladha yake.

Harun ametaja kampaundi moja ya nyumba huko Al Wukair inayotafuta mlinzi. Atakwenda Jumatano. Vizuri. Mimi nitakwenda kesho, nikataliwe kabla yake.

Jumanne, 4 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote za mwaka huu. Niandike polepole.

Nilijiandaa vizuri sana. Sikunyoa. Shati nililitoa chini ya godoro. Saa ya usaili ilikuwa tatu, nikaingia saa nne na ushee. Meneja ni mzee wa Kihindi mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Akauliza kwa nini nimechelewa. Nikamwambia sikuona haraka. Akaandika kitu. Nikafurahi.

Akauliza kama ninaweza kusimama saa nyingi. Nikasema siwezi, mimi napenda kukaa. Akasema vizuri, kazi yenyewe ni ya kukaa kwenye kibanda cha getini. Akauliza kama nina marafiki Al Wukair. Nikasema sina rafiki popote. Akasema vizuri sana, mlinzi aliyetangulia aligeuza kibanda kijiwe. Nikaona mambo yanaharibika, nikaongeza kwamba mimi ni mtu wa kushuku kila mtu. Akavua miwani ya usoni, akavaa ya kichwani, akaniangalia vizuri. Akasema wote waliokuja wamechelewa walisingizia basi. Mimi ndiye mkweli wa kwanza. Nianze Jumamosi. Chumba kipo, chakula kipo, kibanda kina AC na birika la umeme.

Nikamwomba muhuri wa kukataliwa. Akauliza kukataliwa na nani.

Hebu mtu afikirie. Nikichukua kazi, ninapoteza nyongeza. Na nani ataipata? Harun! Wiki sita za kulala na kula, nimwachie Harun na malengelenge yake? Nikamwambia meneja hapana. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Mimi si mtu wa hapana. Mama alitufundisha kwamba hapana ni kumfungia mtu mlango usoni, mtoto mwenye adabu husema bado.

Mzee akasikitika, akauliza kama namjua mwingine mkweli. Na hapo ndipo akili yangu ilipong'aa! Nikampa jina la Harun na namba yake ya simu. Nikamsifu mpaka nikajishangaa. Harun akipata kazi, hana haja ya nyongeza. Nafasi ni moja, na anayeitaka ni mmoja. Mimi!

Kwenye basi la kurudi sikuweza kukaa. Nilisimama njia nzima na viti vilikuwepo.

Jumatano, 5 Oktoba

Harun ameipata. Amerudi saa sita akipangusa macho. Nikapangusa yangu pia, kwa sababu nyingine.

Mchana nimejaza fomu. Rahisi kuliko nilivyodhani, maswali karibu yote ni ya Umewahi na Umepata. Umepata kazi yoyote tangu uachishwe? Bado. Umekataa kazi yoyote uliyopewa? Bado. Umewahi kuudanganya mfuko wa chama? Bado. Umewahi kufungwa jela? Bado. Uko tayari kurudi nyumbani? Bado. Nimeijaza kwa dakika tatu na kwa mwandiko mzuri. Phyllis atapenda usafi wake.

Alhamisi, 6 Oktoba

Harun amehama. Vitu vyake vyote vimeingia kwenye begi moja. Alipomaliza alinikumbatia, akanishika muda mrefu. Akasema meneja amemweleza kila kitu: kwamba kazi nilipewa mimi kwanza, nikaikataa, nikamtaja yeye. Akasema hajawahi kuona moyo wa namna hiyo, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Nikamwambia si kitu. Na kwa dakika moja hivi niliamini kwamba kweli nilifanya kwa ajili yake. Ilikuwa dakika nzuri.

Kisha akasema wema kama huo haufai kukaa kimya. Ameshampigia Phyllis kumweleza.

Sijala leo. Nimepanda kitanda cha juu, nimeshuka, nimepanda tena.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mkutano saa tisa, baada ya ibada zote, chumba cha kulia. Watu kama thelathini. Niliomba kuzungumza kwanza, nikaambiwa nikae. Nikakaa. Nikasimama. Nikaambiwa nikae tena.

Phyllis akaanza na fomu. Akaisoma kwa sauti, bila haraka. Alipofika kwenye swali la kukataa kazi akaniangalia juu ya karatasi. Akauliza bado maana yake nini. Ninapanga kukataa lini? Watu wakacheka. Akaendelea. Umewahi kuudanganya mfuko, bado. Akauliza nimejiwekea tarehe gani. Jela, bado. Hapo hata waliokuwa wanachota chai waliacha kuchota. Nikajieleza kwamba ni adabu tu, ndivyo tulivyolelewa. Phyllis akasema na yeye alilelewa, lakini yeye akiulizwa kama ameiba hasemi bado.

Kisha akauliza kuhusu Al Wukair. Nikasema nilimwachia ndugu yangu Harun kwa mapenzi. Akasema mapenzi ni mazuri, ila katiba haina kifungu cha mapenzi. Kazi nilipewa, kazi nilikataa.

Nikakimbilia mihuri. Nikasema jamani, tazameni nilivyohangaika, sehemu tano! Phyllis akampa Abdulrahman zile karatasi.

Miaka kumi ya madrasa Mombasa, miaka kumi na mmoja ya kumwendesha bosi Mwarabu. Nilikuwa nayajua yote hayo. Nilikuwa nayajua na sikuyafikiria!

Abdulrahman akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Ile ya kichwa chini akaigeuza. Akavua kofia, akaiweka gotini. Akasema kwa upole wake ule kwamba kwa mujibu wa karatasi hizi, ndugu yetu Oloo hakukataliwa popote. Amepokewa. Amepokewa mara tano, akiwa kuku, akiwa amegandishwa, na hali yake ni nzuri.

Sitaandika kicheko kilichofuata. Kuna mtu alilala chini.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naona begi jepesi likizunguka peke yake uwanja wa ndege, na mama amesimama na watu wa kanisa nusu basi. Nikamwambia Phyllis ukweli, mbele ya wote. Kwamba naogopa. Kwamba nyumbani mimi ni supervisa. Hakuna aliyecheka tena. Karibu kila mtu mle chumbani ni kitu fulani nyumbani.

Phyllis akasema nyongeza hakuna. Lakini Abdulrahman alikuwa ameshatoka nje na karatasi moja, maana muhuri ulikuwa na namba ya simu. Akarudi akasema mwenye ghala hana habari na mihuri, na yeye hakumtajia, ili Philipo asipate taabu. Amemuuliza tu kama ana kazi. Anayo. Anatafuta mtu wa ndani, kwenye chumba cha kugandishia. Nikubali, au nikatiwe tiketi.

Akaniuliza kama ninaikataa. Thelathini wakanitazama mdomo. Nilitaka kusema hapana, yaani siikatai. Likatoka bado.

Phyllis akaandika kwamba nimekubali.

Jumatano, 12 Oktoba

Siku ya nne ndani ya baridi. Nje watu wanakufa kwa joto, mimi nina koti la pamba, kofia ya masikio na glavu mbili mbili. Kuku, kuku, kuku. Kila boksi linapigwa ule muhuri wetu. Nimeshajua kuusoma.

Supervisa wangu ni Philipo. Hajawahi kuwa supervisa wa mtu kabla yangu, na ameipenda kazi hiyo haraka mno. Leo ameniambia kaka, hapa hatutembeitembei. Humo ndani usipotembea unaganda!

Harun amenitumia picha. Amekaa kibandani, AC juu, birika kando, miguu kwenye kiti cha pili. Ameandika Mungu akubariki. Nimeitazama picha hiyo wakati wote wa chakula.

Mama amepiga. Nimemwambia nimehamishiwa kitengo cha baridi. Akafurahi, akasema baridi ni ya wakubwa. Akauliza kama gari imetoka. Unajua nilivyomjibu.

Phyllis naye amepiga jioni, kunikagua. Akauliza kama ninafika kwa wakati. Ninafika. Akauliza, sasa Oloo, umejifunza? Nilikuwa na jibu zuri la kumpa. Lakini wakati huo nilikuwa na katiba ya chama mkononi, ukurasa wa sita, kifungu nilichokuwa sijawahi kukiona: mwanachama mgonjwa anapata kitanda na sahani kwa siku kumi na nne, mradi alete muhuri wa kliniki. Na kuna Mganda mmoja kanisani kwetu anayefagia kliniki. Nikatafuta kalamu.

Nikamwambia bado.