Malalamiko Kuhusu Ufunguo wa Kabati la Betri

Nyuma ya Msikiti,
Mlango wa Buluu,
Pemba.
Jumapili, baada ya Alasiri.

Kwa Mheshimiwa Sheha, Mzee Nyange,

Assalaam alaykum. Mimi kijana wako Abdulnasir, yule mrefu, si yule mwenye baiskeli, nakuandikia kwa heshima zote na kwa kalamu ya kuazima. Sina hasira. Nimekosewa tu, na aliyenikosea ni wewe.

Jana barazani, mbele ya watu, ulininyang'anya ufunguo wa kabati la betri ya msikiti, ile kubwa ya gari inayoendesha kipaza sauti umeme ukikatika. Ukampa kijana mwenzangu Ngwali. Miezi minane nimeushika ufunguo ule, umeme ukakatika utakavyo, na adhana haikukosa kusikika hata mara moja. Juzi Ijumaa tu kipaza sauti kikazimika katikati ya khutba, basi miezi minane yote ikafutika. Naomba ufunguo urudi kabla ya Ijumaa ijayo, maana mimi bila ufunguo ule ni mtu wa kawaida, na hali hiyo sijaizoea. Sababu zangu ni hizi:

1. Nashitakiwa kwamba niliitilia betri maji ya dafu. Kweli nilitia. Lakini wanaonishitaki hawajui betri ile inavyofanya kazi. Mle ndani mna sahani za risasi zimekaa ndani ya tindikali, na hizo ndizo zinazopokea umeme, zikauweka, zikautoa unapohitajika. Maji yake hupungua kwa joto na kwa kuchajiwa. Alkhamisi nilifungua nikakuta yamepungua, jambo lisilowahi kutokea mikononi mwangu. Yanatakiwa maji safi kabisa, na ya kisima hayafai. Sasa Mheshimiwa, katika Pemba hii maji gani hayajaguswa na ndoo, bomba wala mkono wa mtu? Hata mgonjwa akiishiwa nguvu hupewa dafu akakaa kitako. Mnazi niliupanda mwenyewe. Kwamba dafu lina chumvi zake za siri, hilo mnazi haukunambia.

2. Umenihukumu bila kunisikia, na hili nalisema kama lilivyo. Kile kifaa chako cha sikioni kilikuwa kimezimika. Nilijitetea robo saa nzima, nawe ukanijibu kwamba mvua haiko mbali. Najua utasema kimezimika kwa sababu yangu, basi naeleza. Vijibetri vyake, vidogo kama punje za choroko, hufanya kazi kwa kuvuta hewa. Vinakuja vimezibwa kwa kikaratasi. Ukikibandua, hewa inaingia, kijibetri kinaanza kazi, na hakilali tena hata ukikitia kwenye droo ya kabati. Mimi siku uliponituma Wete kuvichukua nilivibandua vyote sita kwa mpigo, ili mtu mzima usihangaike na kucha. Ule ulikuwa wema, na sasa naadhibiwa kwa wema.

3. Ngwali alinambia watu wote wakisikia, "Wewe Nasir bingwa wa mawe ya tochi, betri tuachie sisi wenye cheti." Cheti chenyewe cha wiki tatu, cha huko Unguja, na amekitia plastiki kisiingie maji. Mheshimiwa, mawe ya tochi nayo ni betri. Nimeyapasua kumi na saba nilipokuwa skuli, wenzangu wakiimba jedwali la kuzidisha. Ndani mna kijiti cheusi, unga mweusi, na ganda la zinki linaloliwa polepole mpaka likatoboka. Yakichoka unayaanika juani, yanapata joto, yanaamka kidogo kama mtu aliyeitwa kula. Ndiyo maana niliyaanika juu ya jamvi la karafuu la Bi Mwanaasha, pale penye jua zuri kuliko kwetu. Yakavuja. Bi Mwanaasha alinifukuza na ufagio mpaka barabarani, na karafuu za upande ule ikabidi zitupwe, lakini tochi iliwaka siku mbili. Hilo barazani halisemwi.

4. Huyo mwenye cheti simu yake imevimba mgongo kama andazi. Betri ya simu ni ya lithiamu, nyepesi na yenye nguvu, ila haitaki joto wala kuchajiwa chini ya mto. Nilimkuta na pini mkononi, anataka kuitoboa itoe upepo. Nilimpokonya mimi, maana ikitobolewa inalipuka moto. Msikiti una mikeka, Mheshimiwa. Sisemi zaidi.

5. Ngwali anapiga mluzi. Hili halihusu betri, ila linanikera.

Kwa hayo naomba nirejeshewe ufunguo, niteuliwe Msimamizi Mkuu wa Betri Zote za Shehia, kuanzia za saa za mkononi mpaka za pikipiki, nichongewe muhuri, na Ngwali akatazwe kugusa kitu chochote chenye alama ya kujumlisha na kutoa, rimoti ya kwao ikiwemo.

Nisalimie nyumbani kwako, Bi Ummkulthum na watoto wote. Wazee wa barazani wasalimie, hata waliocheka. Ngwali msalimie kidogo.

Ni mimi niliyeonewa,
Abdulnasir

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha akapita Mzee Jabir, muadhini wetu. Amerudi leo kutoka kisiwa cha Fundo, alikokaa wiki nzima akimuuguza dada yake. Akaniuliza nani ameigusa betri yake. Nikamuuliza, yake kivipi? Kumbe miezi yote minane, kila Jumatano alfajiri, anafungua kabati kwa ufunguo wake wa zamani, anaongeza maji ya betri ya chupa, anasugua kutu kwenye vichwa vinavyofungwa nyaya, anafunga. Mimi nilikuwa natembea na ufunguo tu. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanambia, "Nilikuona unavyofurahi nao, mwanangu, nikaona haya kukuharibia." Basi Mheshimiwa, ufunguo mpe yeye, na barua hii ichane. Ila kabla hujaichana, mama yangu Bi Asya asomewe pale mwanzo panaponisifu.