Meli Inayojisimulia Mtoto Akilala

Kwa Meneja wa Meli ya Matembezi,
Ofisi ya ghorofani, juu ya stoo ya maboya.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umelala vizuri. Mimi si mzima sana, na sijalala, na sababu ni meli yako.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, msichana wa miaka mitatu. Nyumba yetu ni ile yenye bati la kijani ukingoni mwa mfereji unaounganisha ziwa la juu na ziwa la chini. Unaifahamu. Abiria wako wote wanaifahamu, na hilo nitalifikia kwenye namba ya tatu. Meli yako ina jina lake la heshima kwenye karatasi, lakini sisi wa huku tunaiita Shangazi, kwa kuwa huja na sauti kubwa na habari za watu. Hupita hapa kila siku baada ya chakula cha mchana. Mfereji ni mwembamba, kwa hiyo hutambaa. Ukikaa dirishani unaona ni abiria yupi hajamaliza sahani yake.

Sina ugomvi na kupita. Ugomvi wangu ni na historia.

Anayeisimulia kwenye kipaza sauti ni baba mkwe wangu. Aliitumikia injini ya Shangazi mpaka mgongo ukamgomea, nanyi mkampa kipaza sauti ili asikae bure nyumbani. Nawashukuru kwa wema huo. Lakini ndiyo sababu nakuandikia wewe, maana mke wa mtu hawezi kumwambia baba mkwe wake anyamaze. Nilimwomba mume wangu amwambie. Akanijibu, "Mimi ni mtoto wake tu, wewe ndiye anayekusikiliza," akachukua miwani yake ya kuchomelea, akaenda kazini. Kwa hiyo umebaki wewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Usingizi. Binti yangu hulala mchana baada ya kubembelezwa, kutishwa na kuahidiwa. Akishafumba macho, nami nikishaweka kichwa chini, inaingia sauti dirishani: "Mabibi na mabwana, meli hii ililetwa hapa ndani ya masanduku." Basi, tumeamka. Kwa kuwa Shangazi hutambaa, hatupati kipande cha historia, tunapata yote. Tunayapata masanduku, mafundi walioiunga kando ya ziwa la juu, na nati zilizobaki mkononi kazi ilipokwisha, ambazo mpaka leo hakuna anayejua zilikuwa za wapi. Hili la nati, Ndugu Meneja, silioni kama jambo la kuwaambia watu ambao tayari wako katikati ya maji.

2. Historia yenyewe haitulii. Jumatatu Shangazi alizamishwa na adui wakati wa vita. Jumatano alizamishwa na nahodha wake mwenyewe ili adui asimpate. Jumamosi, kukiwa na abiria wengi, alizama mwenyewe kwa hasira. Mimi nimesoma kiasi tu, sibishani na wataalamu, ila mtoto ananiuliza kwa nini Shangazi alikufa mara nyingi hivyo, na mimi ndiye ninayebaki nyumbani kujibu. Halafu wakamwinua, wakamkuta amejaa samaki, wakamsugua, wakampakia mbao, kisha saruji, kisha ng'ombe, kisha maofisa, na mwisho watu wa matembezi. Katika habari yote hiyo hakuna mwanamke hata mmoja. Hao mafundi walioiunga walikuwa wakila nini? Nguo zao zilikuwa zikijifua?

3. Kumbe mwanamke yupo, na ni mimi. Tukishaamshwa natoka kuanika, na kila meli ikifika usawa wa nyumba yetu husikika: "Upande wenu wa kushoto ni nyumba ya mwanangu. Yule anayeanika ni mkwe wangu, mchapakazi sana, ila leo kidogo amechelewa." Wanasogea wote upande wa kushoto mpaka meli inainama. Wananipiga picha. Nimepigwa picha nikiwa na gauni la kulalia, nikiwa na kibanio mdomoni, na mara moja nikiwa nimekwama ndani ya foronya ya godoro. Juzi mama mmoja mwenye kofia pana aliniuliza kutoka sitaha ya juu, "Mwanangu, hilo shuka lenye kiraka ni la historia?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, lilizama pamoja na meli." Nasikia sasa hilo nalo linasimuliwa.

4. Mtoto ameharibika. Mwanasesere wake anaitwa Boila, kama lile tangi la mvuke la Shangazi. Akiulizwa na jirani, "Babu yako yuko wapi?" anajibu, "Yuko ndani ya Shangazi," na jirani haelewi, anaondoka akiniangalia vibaya. Hali chakula mpaka nipige honi. Kubwa zaidi, anazamisha vitu. Amezamisha upawa, kiatu changu kimoja, funguo za nyumba, na simu ya baba yake, vyote katika beseni la kufulia. Nikimkaripia ananitazama kwa huruma na kusema, "Adui angechukua." Simu ilipotolewa kwenye maji aliikagua kama ina samaki. Huyu mtoto, Ndugu Meneja, hakujifunza haya kwangu.

5. Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu ofisi yako ichague moja kati ya haya. Kipaza sauti kizimwe meli ikiwa mferejini. Ikishindikana, uchimbwe mfereji mwingine upande ambao hakuna mtu anayeanika. Ikishindikana, meli irudishwe ndani ya masanduku yake, kwa kuwa inajulikana iliingia, na zile nati zilizobaki zitakuwa zimepata kazi. Na kama yote ni magumu, basi izamishwe tena. Si kwa ubaya. Uzoefu mnao, na mara zote ilitoka safi. Izamishwe taratibu, abiria wakiwa wameshuka, mpaka usawa wa kipaza sauti tu, na mnijulishe mapema nisiwe nimeanika.

Sidhani kama nimeomba makubwa. Naomba mtoto alale, na mimi nilale naye.

Nisalimie nahodha, mafundi wa injini, wapishi, yule dada wa tiketi anayenipungia mkono bila kunipiga picha, na mama mwenye kofia akirudi. Usisahau na nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi wako mtiifu, mwenye macho mekundu,
Mkwe wa Msimuliaji.

Nyongeza baada ya sahihi:

Anayefika ofisini kwako kutoka huku kila asubuhi ni baba mkwe peke yake, kwa hiyo nilimpa yeye bahasha akuletee. Sikufikiri. Aliipima mkononi akaniuliza, "Nzito hii, mama. Inahusu nini?" Nikashindwa kumdanganya. Akasema nimsomee, macho yake hayawezi mwandiko wangu. Nilisoma yote nimesimama. Alinikatiza mara moja tu, kwenye kuzamishwa: "Hapo hapana, mama. Injini ikiingia maji mtakuwa mmeniua mimi." Nilipomaliza akasema, "Si ungeniambia tu." Akaacha bahasha mezani, akaenda kazini.

Siku hiyo Shangazi alipita bila neno. Tulisikia injini tu. Baba mkwe alikuwa amesimama mbele, kipaza sauti amekikumbatia kifuani, anatazama ng'ambo ya pili kama mtu anayepita nyumba aliyofukuzwa. Hakuna aliyenipungia. Na mtoto hakulala. Alipanda kiti, akashika nondo za dirisha, akangoja mpaka meli ikaishia kwenye kona. Ndipo akanigeukia mimi. Babu ananuna? Meli imekufa tena? Nani kaizamisha? Nimsimulie mimi. Nikasimulia nikiwa nimembeba mgongoni, nafua, napika, na kila nilipofika kwenye nati aliniambia, "Sivyo," nikaanza upya. Ilikuwa hivyo mpaka giza.

Kumbe babu yake anapoongea, mtoto husimama pale dirishani na hahitaji mtu. Muda huo, nikishaanika, mimi huwa nimekaa. Sikuwahi kuuita mapumziko kwa sababu sikuwa nimelala.

Kwa hiyo namba ya kwanza mpaka ya tano zisifanyiwe kazi. Baba mkwe nimeshamwomba radhi. Anasema hajui naongelea nini. Ninalokuomba wewe ni moja: nahodha asiharakishe mferejini. Akienda mwendo wake ule ule, naweza kunywa chai ingali ya moto.